Kwa Nini Bunduki ya .22 Hukwama: Risasi ya Mwaka 1887 Ndani ya Mashine Inayojikoki

(Mhadhara uliotolewa mbele ya jumuiya ya wazungumzaji wa Kiswahili mjini Portland, Maine, mwishoni mwa majira ya baridi. Umechapwa pamoja na baadhi ya maneno yaliyosemwa papo hapo.)

 

Nimeombwa nizungumze juu ya kazi yangu ya ufundi wa bunduki, nami nimechagua jambo moja dogo. Wengi wenu, tangu mhamie jimbo hili, mmenunua bunduki ndogo ya .22 inayojikoki yenyewe kila inapofyatuliwa. Mnawinda nayo kindi na sungura wa theluji, au mnalenga makopo shambani kwa rafiki. Kisha mnaniletea karakanani na kuniambia neno moja tu: inakwama. Kusudi langu leo ni kuonyesha kwamba neno hilo halitoshi. Bunduki hukwama kwa namna nyingi, kila namna ina mahali pake na sababu yake, na mara nyingi bunduki yenyewe haina hatia. Inabebeshwa makosa ya risasi, ya magazini na ya mafuta tunayoyamimina kama tunakaanga sambusa.

Nianze na sharti. Hamtaiona bunduki hapa mbele. Mwenyekiti wa jumuiya aliniuliza kama nitaileta, nikamjibu kwamba ukumbi wenye watoto si mahali pake. Nilichokuja nacho ni magazini moja tupu na kikombe cha maganda yaliyokwisha kutumika. Kikombe hicho kinapita sasa. Kila mmoja achukue ganda moja alishike, maana nitalirudia. Na lolote nitakalosema juu ya kushika bunduki iliyokwama lina masharti haya mbele yake: mtutu umeelekea mahali salama, kidole kiko mbali na kifyatulio, miwani iko machoni.

Nitasema zaidi juu ya Ruger 10/22, bunduki iliyotoka mwaka 1964 na kuuzwa kwa mamilioni, kwa sababu ndiyo iliyo mikononi mwa wengi wenu. Wenye Marlin Model 60, ile yenye bomba la risasi chini ya mtutu, wasione wametengwa. Kanuni ni zile zile, na nitawagusa nikifika kwao.

1. Tatizo lilizaliwa kabla ya bunduki

Tazameni ganda mlilonalo mkononi. Kitako chake kina ukingo uliochomoza, na kwenye ukingo huo kuna kovu dogo. Hapo ndipo pini ilipogonga. Risasi za bunduki kubwa zina kiwashio chao katikati ya kitako, hii haina. Baruti ya kuwashia imo ndani ya ukingo wenyewe: hutiwa ikiwa mbichi kiwandani, kisha ganda huzungushwa kwa kasi mpaka baruti isambae pande zote. Pini inapouponda ukingo, baruti huwaka. Ndiyo sababu ganda ni jembamba hivyo. Lingekuwa nene, pini isingeweza kuliponda.

Ubunifu huu ni wa zamani sana. Mfaransa Flobert alitoa risasi ndogo za namna hii katika miaka ya 1840, za kulengea shabaha ndani ya nyumba. Mwaka 1857 Smith & Wesson wa hapa Marekani walitoa bastola yao ya kwanza pamoja na risasi tunayoiita leo .22 Short. Mwaka 1887 kampuni ya J. Stevens ikaleta .22 Long Rifle, ndiyo hii mnayonunua dukani hadi leo. Sasa fikirini mwaka huo wa 1887. Baruti ilikuwa nyeusi, yenye moshi mzito, na risasi ilitiwa kwenye chemba kwa vidole au kwa mtambo uliovutwa na mkono. Mkono una hisia. Risasi ikigoma kuingia, mkono unahisi, unarudi nyuma kidogo, unajaribu tena. Bolti inayosukumwa na springi haina subira hiyo.

Mambo manne katika risasi hii yanaisumbua mashine. La kwanza ni huo ukingo. Una upana wa milimita 7 hivi, na mwili wa ganda ni milimita 5.7, kwa hiyo risasi mbili zikipangwa vibaya moja juu ya nyingine, ukingo wa ya juu unanasa nyuma ya ukingo wa ya chini na hazisogei tena. La pili ni kichwa. Ni madini laini ya risasi, na upana wake ni sawa na upana wa ganda kwa nje. Kisigino chake chembamba tu ndicho kilichobanwa ndani ya mdomo wa ganda. Ukikisukuma kichwa kando kwa kidole kinapinda, na kilichopinda hakiingii chembani sawasawa. La tatu ni nta au grisi iliyopakwa nje ya kichwa hicho ili madini yasigande ndani ya mtutu. Iko nje, kwa hiyo inaokota kila vumbi, na inabaki kila inapogusa. La nne ni udogo wa nguvu. Kichwa kina uzito wa gramu 2.6, na risasi ya mwendo wa kawaida hukirusha kwa kasi ya kama mita 330 kwa sekunde. Nguvu hizo hizo chache ndizo zinazotakiwa kusukuma bolti nyuma, kutupa ganda na kukoki nyundo. Hakuna akiba kubwa ya kupoteza kwenye msuguano.

Haya si maoni yangu peke yangu. Mwaka 1903 Winchester walipotoa bunduki yao ya kwanza ya .22 iliyojikoki yenyewe, hawakuitengenezea .22 Long Rifle kabisa. Risasi hiyo ilikuwa bado inauzwa ikiwa na baruti nyeusi, na masizi yake yangeijaza mashine upesi. Waliibunia bunduki hiyo risasi yake peke yake, .22 Winchester Automatic, yenye baruti isiyo na moshi na kichwa kilichokaa ndani ya ganda, mafuta yake yakiwa yamefichwa ndani. Mlengaji Ad Topperwein aliitumia bunduki ya namna hiyo mwaka 1907 huko San Antonio, Texas, akapiga vipande vya mbao vilivyorushwa hewani, vipande 72,500, na kukosa 9 tu. Watu wakisimulia hayo husifu jicho lake. Mimi kama fundi natazama upande mwingine: maelfu yote hayo yalipita katika mashine zilizolishwa risasi iliyotengenezwa kwa ajili ya mashine hizo.

Lakini soko halikutaka risasi ya peke yake. Lilitaka ile ya bei nafuu iliyoko kila duka la kijijini. Baruti isiyo na moshi ilipoingia kila mahali, watengenezaji wakageuza mashine ili ifuate risasi badala ya risasi kuifuata mashine, na tangu hapo kila bunduki ya .22 inayojikoki ni maelewano kati ya vitu viwili visivyozaliwa kimoja kwa ajili ya kingine. Mkilishika hilo, mengine yote nitakayosema ni matawi yake.

2. Mahali iliposimama ndipo penye jibu

Katika bunduki nyingi za .22 bolti haifungwi kwa komeo lolote. Inashikiliwa na uzito wake na springi iliyo nyuma yake, basi. Baruti ikilipuka, gesi inasukuma kichwa mbele na kulisukuma ganda nyuma, ganda nalo linaisukuma bolti. Kwa sababu bolti ni nzito mara nyingi zaidi ya kichwa, inachelewa kuanza safari, na inapofunguka shinikizo limekwisha kushuka. Njiani kuelekea nyuma inakoki nyundo. Ganda linagonga kirushio na kuruka nje kupitia mlangoni. Bolti inafika mwisho, springi inairudisha, na inaporudi inachukua risasi mpya kwenye midomo ya magazini, inaisukuma chembani na kufunga.

Safari hiyo yote ni sehemu ndogo ya sekunde, na kukwama ni kusimama mahali fulani ndani yake. Kosa ninaloliona kila wiki ni mtu kuivuta bolti kwa hasira, kuitikisa bunduki mpaka kila kitu kimedondoka, kisha kuja kwangu akiwa hana la kusema. Ushahidi ameshautupa. Weka mtutu mahali salama, toa kidole, halafu tazama. Aliye kando yako mwenye simu apige picha ya mlango wa maganda kabla hujagusa kitu. Kisha toa magazini, ndipo uvute bolti.

Utakuta nini? Mara nyingi ganda lililotumika limebanwa mlangoni, nusu ndani nusu nje. Maana yake bolti haikwenda nyuma kwa nguvu au kwa umbali wa kutosha, au ndoano inayolishika ganda ililiachia mapema. Tazama maganda yaliyotangulia yalianguka wapi. Kama yalikuwa yakiruka hatua kadhaa na sasa yanadondoka karibu na kiatu chako, nguvu inapotea mahali: uchafu, mafuta yaliyoganda kwa baridi, au risasi dhaifu. Yapo masanduku ya risasi zilizopunguzwa nguvu kwa makusudi ili zisipige kelele. CCI Quiet, kwa mfano, hutoka kwa kama mita 216 kwa sekunde. Zitaruka vizuri, kindi ataanguka, lakini bolti haitakwenda popote. Bunduki haijaharibika. Umeipa chakula kisichotosha.

(Mzee mmoja hapa mbele anacheka. Najua kwa nini anacheka, na sanduku lake bado liko karakanani kwangu.)

Huku kwetu kuna chanzo kingine ambacho vitabu vya mikoa yenye joto havikitaji: glavu. Mkono wa kulia uliovaa glavu nene huegemea kitasa cha kukokia bila mwenyewe kujua, na bolti inapunguziwa mwendo. Mbao ya kitako iliyovimba kwa unyevu nayo hugusa kitasa hicho. Tafuta alama ya kukwaruzwa kwenye mbao. Ipo au haipo, hakuna ubishi.

Hali nyingine: bolti imefunga, unafyatua, unasikia mlio mkavu tu, na chemba ni tupu. Kwanza, jamani, hesabuni. Ruger 10/22 ya kawaida haibaki wazi risasi ya mwisho inapotoka, kwa hiyo wengi huniambia imekwama baada ya risasi ya kumi, na hakuna ya kumi na moja. Lakini kama magazini bado ina risasi, basi ama bolti ilirudi nusu njia, ikatosha kukoki nyundo lakini haikufika nyuma ya risasi inayofuata, ama magazini haikuipandisha risasi kwa wakati. Maganda ya chini tena yatakuamulia. Yakiruka mbali, shitaka liko kwa magazini.

Ukikuta risasi mpya imegonga ukuta wa mtutu na kichwa chake kina jeraha, itoe uitazame mwangani. Jeraha juu ya pua linasema risasi ilipanda mno; jeraha chini linasema haikupanda. Risasi hiyo usiirudishe kwenye magazini hata kama inaonekana nzima. Kichwa kimeshalegea.

Sasa ile ninayoiogopa: bolti haijafunga kabisa, imebaki upenyo wa unene wa kucha. Mtu hupiga kitasa kwa kiganja ili iingie. Usifanye hivyo, na usifyatue. Ganda lenye kitako kisichoegemezwa huweza kupasuka na kurusha vipande vya shaba kupitia mlangoni, ndiyo maana nilianza na miwani. Toa magazini, vuta bolti, toa risasi. Kama risasi hai haitoki, usiichokonoe kwa bisibisi wala ncha ya kisu. Kumbukeni baruti ya kuwashia iko wapi. Kuuchokonoa ukingo kwa chuma ni kufanya kazi ya pini kwa mkono wako, na bolti ikiwa wazi. Wala usiingize fimbo ya chuma mdomoni mwa mtutu na kuigonga kutoka upande huo. Mtutu ubaki umeelekea salama, piga simu kwa fundi.

Imebaki ile ya mlio mkavu na risasi imo chembani. Subiri angalau sekunde 30 mtutu ukiwa umeelekea salama, kwa sababu kuna zinazochelewa kuwaka. Kisha itoe, utazame kovu la pini. Kovu ni zito lakini haikuwaka? Huenda baruti haikufika sehemu hiyo ya ukingo kiwandani, na lawama ni ya risasi. Kovu ni hafifu, na linajirudia risasi baada ya risasi? Pini imelika, au njia yake imejaa uchafu, au springi ya nyundo imechoka. Na ukisikia mlio dhaifu usio wa kawaida, kama wa kukohoa, simama hapo hapo. Kichwa kinaweza kuwa kimebaki ndani ya mtutu. Usipige nyingine juu yake. Toa magazini, toa kila kitu, hakikisha unaona mwanga kupitia mtutu kabla ya lolote.

3. Magazini ndiyo mshitakiwa wa kwanza

Hii niliyoshika ni magazini ya 10/22. Mnaona haina safu ya risasi zilizolaliana. Ndani kuna gurudumu lenye mifereji, kila risasi imekaa kwenye mfereji wake, na springi inalizungusha gurudumu. Huo ndio werevu wa bunduki hii kuliko kitu kingine chochote ndani yake, kwa sababu ukingo wa risasi moja haukutani kamwe na wa nyingine. Lile jambo la kwanza nililolitaja limemalizwa hapa kwa umbo peke yake. Midomo inayoiachia risasi ni ya chuma, na imo ndani ya magazini yenyewe, si ndani ya bunduki. Kwa hiyo ukibadilisha magazini umebadilisha pia sehemu kubwa ya njia ya risasi, na jaribio rahisi kuliko yote ni kuazima ya jirani. Bunduki ikitulia, umemaliza uchunguzi kwa dakika chache.

Magazini ndefu za risasi nyingi, zile zilizopinda, hazina gurudumu. Ndani yake risasi zimelaliana, na ukingo wa ya juu lazima uwe mbele ya ukingo wa ile iliyo chini yake. Mtu anayezijaza haraka huku akipiga soga ndiye anayekuja kwangu.

Kinachoidhuru magazini ya gurudumu ni mchanga, vumbi la mfukoni, na mafuta. Ndiyo, mafuta. Mtu anaona gurudumu linazunguka kwa uzito, anaipuliza mafuta, siku hiyo linazunguka vizuri, na baada ya wiki mbili nta na vumbi vimeshikamana ndani kama lami. Isafishe kwa burashi kavu na hewa. Ikibidi kufunguliwa, mjue kwamba springi ya ndani ina mkazo uliopimwa, na ukifungua skrubu bila kujua unachofanya mkazo huo unaisha mara moja. Ukipungua, risasi za mwisho hazipandi. Ukizidi, ya kwanza inabanwa na bolti haiwezi kuivuta. Ambaye hajawahi kuifungua asianze usiku wa kuamkia kuwinda.

Wenye Marlin: kwenu kazi ya midomo hii inafanywa na vipande vilivyomo ndani ya bunduki, na bomba lenu likibonyea kidogo tu risasi hazishuki. Nyuma ya bolti yenu pia kuna kizuizi cha plastiki kinachopokea pigo, ambacho katika bunduki zilizozeeka hupasuka, na vipande vyake vikaingia kwenye njia ya mashine. Kama bunduki yenu imeanza kukwama ghafla baada ya miaka ya utulivu, mwambieni fundi aanzie hapo.

4. Usafi, na ubaya wa mafuta

Nimekwisha kuwatania kuhusu mafuta, sasa niseme sawasawa. Katika bunduki ya .22 uchafu ni wa aina tatu zinazochanganyika: masizi ya baruti, chembe za madini ya risasi, na nta. Mafuta mengi yanaziunganisha zote tatu ziwe uji mzito. Siku ya joto uji huo unavumilika. Asubuhi ya Januari hapa Maine, unakuwa gundi. Futa kila kitu kikauke, kisha bakiza utando mwembamba tu pale bolti inapoteleza.

Mwenye shaka na atazame Remington Nylon 66 iliyotoka mwaka 1959. Mwili wake ulikuwa wa nailoni, bolti ikiteleza juu ya nailoni hiyo bila kuhitaji mafuta. Mwaka huo huo mlengaji Tom Frye aliipigia vipande vya mbao 100,010 na kukosa 6.

Pahali pa kwanza pa kusafisha si mtutu, ni uso wa bolti, chini ya ndoano, na chemba. Mtutu wa .22 unaweza kwenda muda mrefu bila kuguswa, na wengi wanauharibu kwa kuusafisha kupita kiasi: 10/22 nyingi hazina tundu nyuma la kupitishia fimbo, kwa hiyo fimbo ya chuma inaingizwa mdomoni, inasugua ukingo wa mdomo huo, na bunduki inapoteza shabaha. Tumieni kamba ya kuvuta kutoka chembani kuelekea mdomoni. Chemba isafishwe kwa burashi ya shaba inayozungushwa kwa vidole.

Neno moja juu ya wanaotumia .22 Short katika chemba ya Long Rifle. Ganda lake ni fupi, kwa hiyo mbele yake masizi hujenga pete ngumu. Siku unaporudi kwenye Long Rifle, ganda refu linaingia kwa nguvu ndani ya pete hiyo, na halitaki kutoka. Kwa upande mwingine kuna risasi kama Stinger, ambayo ganda lake ni refu kuliko la kawaida. Katika mitutu ya mashindano yenye chemba za kubana watengenezaji wenyewe wanaikataza. Someni maandishi kwenye mtutu na kwenye sanduku.

5. Ndoano inayodanganya

Hili nimeliweka peke yake kwa sababu mafundi vijana wanalipita. Katika mashine ya namna hii, ganda lililotumika husukumwa nje na gesi yenyewe. Ndoano inalishikilia tu mpaka ligonge kirushio. Matokeo yake, bunduki yenye ndoano iliyolika au yenye springi iliyochoka inaweza kupiga sanduku zima ikasumbua mara mbili tatu tu, mwenyewe akasema ni bahati mbaya. Kisha anataka kuiondoa risasi hai chembani, anavuta bolti, bolti inarudi nyuma tupu, na risasi imebaki ndani. Amevuta, hakuona kitu kikitoka, anaamini bunduki ni tupu.

Kwa hiyo baada ya kutoa magazini na kuvuta bolti, chungulia chembani na uguse kwa kidole kidogo. Kila mara. Na kama risasi hai hazitoki sawasawa unapozitoa kwa mkono, badilisha ndoano na springi yake. Ni kipande cha bei ndogo.

6. Badilisha kitu kimoja

Nitakuwa mfupi hapa kwa sababu chakula kinanukia. Bunduki ikisumbua, watu hununua ndoano mpya, springi mpya, magazini mpya na sanduku jipya la risasi siku moja. Bunduki inapona, nao hawajui nani alikuwa mgonjwa. Andikeni namba kwa kalamu ya rangi chini ya kila magazini. Kuweni na daftari la shilingi chache: tarehe, aina ya risasi, namba ya magazini, hali ya hewa, imesimama wapi. Bunduki ya kindi ikisumbua kwa magazini namba 2 peke yake, daftari litasema. Ikisumbua kwa risasi za sanduku la bei ya chini peke yake, litasema pia. Ikisumbua kwa zote, hapo ndipo tufungue bunduki.

Na zaidi ya hayo: msinunue vipande vya kuongeza mbwembwe kabla ya kuiona bunduki ikifanya kazi jinsi ilivyotoka kiwandani. Karibu kila bunduki iliyonitesa mimi ilikuwa na vipande vya watengenezaji watatu tofauti ndani yake.

Tunakoelekea

Kijana mmoja aliniuliza kabla hatujaanza kama risasi hii itabadilishwa lini. Majaribio yapo. Mwaka 2002 ilitoka .17 HMR, yenye kichwa kidogo kilichokaa ndani ya shingo ya ganda. Mwaka 2024 Winchester walitangaza .21 Sharp: wamechukua ganda la .22 Long Rifle lile lile, wakapunguza kichwa ili kiingie ndani ya ganda badala ya kulingana nalo kwa nje. Kwa maneno mengine wamerudi kwenye wazo la mwaka 1903. Imeanzia kwenye bunduki za kukoki kwa mkono, na mimi nasubiri kuona itafanya nini ndani ya mashine zinazojikoki. Mahitaji ya vichwa visivyo na madini ya risasi yataisukuma upande huo, maana shaba haitaki kisigino chembamba. Lakini wakati sanduku la .22 Long Rifle lingali rahisi kuliko yote na linapatikana hata kituo cha mafuta, msizitupe bunduki zenu.

Theluji ikishayeyuka, klabu ya shabaha, ambayo wanachama wake ni wageni wetu leo, imekubali kutupa uwanja wake kwa asubuhi moja. Njooni na magazini zenu zikiwa na namba, na daftari, hata kama lina ukurasa mmoja. Mimi nitakuja na kipimo cha unene wa ukingo. Kwa kawaida ni milimita 1.09 hivi, lakini ndani ya sanduku moja hutofautiana, na ningependa tuzitenganishe risasi za sanduku moja la bei nafuu na moja la bei ghali kwa unene huo, tuzipige kwa bunduki zile zile, tuandike zilizokwama. Vijana wa vyuo vya ufundi walio hapa nasi wameahidi kuchora majedwali. Maswali nitayapokea sasa, kabla wali haujapoa. Atangulie yule mama aliyenyanyua ganda lenye masizi ubavuni, kwa sababu amekwisha kuona jambo ambalo sikulisema.